Chemsha plaiwudi kwanza, boti baadaye

Mwaka jana nilinunua bodi nne za plaiwudi za milimita 6, za kuundia boti, kwenye duka moja hapa Mbeya. Muuzaji akanihakikishia, "Hiyo marini, kaka, maji haiingizi." Nikakata kipande cha ukubwa wa kiganja, nikakitumbukiza kwenye sufuria jikoni. Saa mbili hazijaisha, pembe zikaanza kuachia, kisha tabaka zikafunguka moja moja kama kitunguu. Nikawaza kipande kile kiko chini ya miguu ya mtu, katikati ya Ziwa Nyasa, mwera umeanza kuvuma.

Marini nyingi madukani hununuliwa na mafundi wa zege. Wanaimwagia zege mara kadhaa, inatupwa. Boti inakaa majini miaka. Kinachoamua ni gundi iliyo katikati ya tabaka: ya fenoli huvumilia kuchemshwa, ya yurea huachia. Kwa macho ni vigumu kuzitofautisha, ndiyo maana nasisitiza sufuria. Tazama pia ukingo wa bodi, maana tabaka za ndani zikiwa na mapengo, hapo ndipo itakapovunjikia. Naomba kwa dhati wauzaji wamwambie mteja aina ya gundi kabla hajatoa hela.

Nayasema haya kwa sababu naiamini sana kazi hii ya kuunda boti kwa plaiwudi. Mitumbwi ya Matema na Kyela huchongwa kwenye gogo moja, na miti minene kiasi hicho imekuwa adimu. Huku Mafinga, jirani na Shamba la Miti Sao Hill, viwanda vinamenya magogo kuwa plaiwudi, nasi tunaipigilia kwenye dari.

Kuunda kwenyewe kunawezekana uani. Unaunganisha bodi za futi 8 ili upate urefu, unakata mbavu na sakafu kwa kipimo, unatoboa matundu madogo kwenye kingo, unashona kwa waya wa kufungia nondo. Ukikaza waya, vipande vilivyokuwa bapa vinainuka na kuwa boti mbele ya macho yako. Mimi nilisimama nikaizunguka mara tatu. Kisha unajaza maungio kwa gundi ya epoksi iliyokolezwa unga laini wa mbao, unalaza utepe wa faiba. Uingereza, boti ya tanga iitwayo Mirror, iliyobuniwa na Jack Holt na Barry Bucknell na kuzinduliwa mwaka 1963, imeundwa zaidi ya mara 70,000, nyingi kwa kushonwa namna hii na watu wasio mafundi.

Kwetu adui mwingine ni baridi. Juni na Julai epoksi hapa Mbeya inagoma kukauka. Asubuhi unaigusa bado inanata. Usiiongezee hadina, ile dawa ya kuikausha, ukidhani unaisaidia, utaidhoofisha. Subiri Oktoba.

Boti yangu, ya bodi nyingine zilizopita mtihani wa sufuria, iliteremka Matema kwa kirikuu. Tuliibeba watatu hadi majini. Mjomba, aliyevua kwa mtumbwi maisha yake yote, aliigonga kwa kidole, akaniuliza, "Mjomba, hili boksi litahimili wimbi?" Akachukua kafi, akaenda nayo peke yake mpaka akawa nukta. Aliporudi alipapasa maungio ya ndani kwa kiganja, akakiangalia: kikavu.

Oktoba naanza ya kwake. Anataka tezi, yaani sehemu ya nyuma, iwe pana kidogo, nyavu zikae.