Ng'ombe Abaki, Tunywe Maziwa

Kijijini kwetu, upande wa Kongwa mkoani Dodoma, kuna boma la zahanati ambalo limesimama kwenye lenta tangu enzi nikihangaika kutafuta kazi ya kwanza. Kwa asiyeijua lugha ya miradi, boma ni jengo lenye kuta lisilo na paa, na lenta ni ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha. Utaratibu kila mtu anaujua: wananchi wanainua kuta kwa nguvu zao, serikali inakuja kuezeka na kumalizia. Wananchi walimaliza sehemu yao. Mama alisomba maji ya kufyatulia tofali kwa ndoo, marehemu baba aliuza mbuzi mnadani na fedha akaikabidhi kwa mtendaji. Leo boma lile ni kivuli cha mbuzi wa watu jua likikaza, na pale palipopangwa pawe chumba cha sindano umeota mnyaa.

Sitaki kuilaumu halmashauri hapa. Ina maboma mengi kuliko bati ilizonazo. Kinachonikera ni kitu kingine: siku ile mfuko wa mwisho wa saruji ulipoisha, kila kitu kiliisha nao. Kamati ilivunjika, daftari la michango likabaki nyumbani kwa mtu mmoja, na huyo mtu baadaye akahamia Kibaigwa kwenye biashara ya mahindi. Hapakuwa na chungu chochote cha kuchota hata mbao kumi. Miaka miwili baadaye, watu walipotaka kuanza tena, ilibidi wachangishwe upya kama vile hawajawahi kutoa senti.

Ninayo hoja moja tu leo: miji yetu midogo haina ubahili, ila haijui kutoa kunakobaki.

Najua hotuba inayokuja sasa hivi kichwani mwako, kwa sababu tumeisikia kwenye kila harambee. "Watanzania tunachangia harusi mamilioni, shule hatuchangii!" Hotuba hiyo imenichosha, na wanaoitoa nao wana kadi za harusi tatu mifukoni. Hebu itazame kamati ya harusi kwa jicho la mhasibu. Ina mwenyekiti, ina mhazini, ahadi zimeandikwa kwa majina, tarehe ya mwisho inajulikana, na kuna yule mama mmoja asiyeona haya kukupigia simu mara nne. Tena siku ya shughuli unaukagua mchango wako kwa mdomo: kama nyama ilikuwa haba, utajua. Ukaguzi wa namna hiyo hakuna ripoti ya mradi inayoufikia. Watu hutoa pale wanapoona. Msiba nao ni vilevile; hapa kwetu mtu akifariki, gunia la mtama na kuni vinafika kabla hata ya kaburi kuchimbwa.

Tofauti ni kwamba harusi inatakiwa iishe. Zahanati haitakiwi iishe.

Wenzetu walishalifikiria hili zamani. Mwaka 1914, katika mji wa Cleveland huko Marekani, mwanasheria aliyekuwa anaongoza benki, Frederick Goff, alianzisha kile kinachotajwa kuwa taasisi ya kwanza ya kutunza na kugawa michango ya mji mzima. Shida iliyomsumbua ilikuwa wasia wa matajiri. Mtu anaacha fedha kwa kazi fulani, anakufa, mji unabadilika, kazi ile haipo tena, lakini fedha imefungwa na maneno ya marehemu. Waliuita mkono wa maiti. Goff akasema: badala ya kila tajiri kuacha mfuko wake na masharti yake, fedha ziwekwe pamoja, na kamati ya wenyeji iwe inaamua kila mwaka faida yake iende wapi kulingana na shida za wakati huo.

Ukitaka kuuona mkono wa maiti Dodoma, huhitaji marehemu. Zunguka vijiji vyetu uhesabu pampu za mkono zilizokufa. Bango bado linang'aa, jina la mfadhili linasomeka vizuri, maji hakuna. Spea haipatikani, au kisima kilitoa maji ya chumvi tangu siku ya kwanza na hakuna aliyeuliza wenyeji kabla ya kuchimba. Mfadhili alikwishapiga picha akaondoka. Hakuna aliyepewa mamlaka ya kusema: basi, fedha iliyobaki tununulie matenki ya kuvunia maji ya mvua.

Kwa Kiswahili tunaweza kuiita taasisi hii mfuko wa jamii, ingawa jina lenyewe ni balaa. Mtamkie mtu "mfuko wa jamii" pale Kongwa, atakuuliza kama unamaanisha TASAF, ambao ni Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Mwingine atadhani NSSF, ule wa pensheni. Bibi mmoja aliniletea kadi yake ya CHF, Mfuko wa Afya ya Jamii, akitaka nimsaidie kwa sababu zahanati ilimwambia dawa hakuna. Nilimweleza mimi si mtu wa mfuko huo. Hakuniamini, na sikumlaumu. Mifuko yote aliyowahi kuisikia huwa inatoka juu.

Huu ninaousema unatoka chini. Watu wengi wanatia kidogo kidogo, wachache wanatia kikubwa. Fedha kuu haiguswi, inazalishwa. Faida ndiyo inayogawiwa kama ruzuku kwa vikundi, shule, vijana, wazee. Na wanaoamua ni watu wa hapohapo. Kenya wanayo Kenya Community Development Foundation tangu 1997, na moja ya kazi zake ni kuwasaidia wanajamii kujenga mifuko ya kudumu ya kwao wenyewe. Hapa nyumbani Foundation for Civil Society imekuwa ikitoa ruzuku kwa asasi nchi nzima tangu miaka ya mwanzo ya 2000, na kazi yake naiheshimu. Lakini ofisi ya kitaifa haiwezi kujua kwamba mlango wa darasa la nne shule fulani umeliwa na mchwa. Hilo linajulikana na mwenyekiti wa kitongoji.

Nilipojaribu kumweleza mjomba wangu habari ya "fedha kuu haiguswi", alinisikiliza hadi mwisho, akacheka. "Mjomba, hayo si mageni. Hiyo ni ng'ombe."

Akawa ndiye mwalimu, mimi mwanafunzi. Mgogo wa zamani mwenye kundi kubwa hakuwafungia ng'ombe wote zizini kwake. Aliwakabidhi wengine kwa ndugu, kwa rafiki, wakati mwingine mbali kabisa. Aliyekabidhiwa alichunga, akanywa maziwa, akapata samadi ya shamba. Ng'ombe na ndama wakabaki wa mwenyewe. Mkabidhiwa hakuthubutu kuchinja, maana siku ya hesabu ingefika. Na mwenye mali naye alikuwa na akili yake: ukame ukipiga Bahi, huenda Mpwapwa pamenyesha, ugonjwa ukiingia zizi moja, mengine yanapona. Nchi inayopata mvua za msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na milimita kama 500 na ushee kwa mwaka, haimruhusu mtu kuweka mali yote mahali pamoja. Wazee wetu walijifunza kwa machungu. Njaa ya Mtunya, iliyoanza 1917 baada ya majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza kuchukua nafaka na mifugo ya watu na mvua nayo kukataa, bado inatajwa kwenye vijiwe vya wazee.

Kwa hiyo sihitaji tena neno la kitaalamu. Fedha kuu ni ng'ombe. Faida ni maziwa. Kamati ni mkabidhiwa.

Na malisho yapo siku hizi. Hatifungani za serikali, yaani hati za mkopo unaoikopesha serikali, zinauzwa kupitia Benki Kuu na zinalipa riba kila baada ya miezi 6. Mifuko ya uwekezaji ya pamoja ya UTT ipo tangu 2005, na vikundi vinaruhusiwa kununua vipande, yaani sehemu ndogo ndogo za mfuko. Tufanye hesabu ya mfano tu. Mji mdogo wenye wafanyabiashara wa mahindi, wenye malori, wakulima wa alizeti, walimu na watoto wake walioko Dar es Salaam, ukikusanya shilingi milioni 50 kwa miaka mitano, na ukapata faida ya asilimia 10, hiyo ni milioni 5 kwa mwaka. Rudisha milioni 2 kwenye kundi, maana bei zikipanda ng'ombe wako anakonda hata kama idadi ni ileile. Zinabaki milioni 3: ruzuku sita za laki tano, kila mwaka, hata mwaka ambao hakuna mgeni rasmi.

Laki tano ni ndogo? Laki tano ikija kwa wakati wake ingewavusha akina mama wanaokausha mlenda wakanunua mashine ya kufungia pakiti. Ingetia milango kwenye vyoo vya wasichana. Kwa boma letu, isingeezeka, ila ingekata ule mnyaa na kufunika kuta kabla mvua haijazila.

Halafu kuna suala la andiko. Kikundi kimoja cha akina mama ninachokifahamu kilipewa fomu ya kuomba ruzuku, kurasa 14, Kiingereza mwanzo mwisho, na ndani yake jedwali moja la malengo na matokeo wanaloliita bangokitita. Wakamlipa kijana wa mjini awaandikie. Kijana aliandika vizuri mno, mradi ukatoka kwenye ufugaji wa kuku ukawa wa "kuongeza ustahimilivu wa kaya". Walikosa ruzuku na ile fedha ya kijana haikurudi. Mfuko wa mji wenyewe hauna haja ya upuuzi huo. Wajumbe watatu wanapanda bodaboda, wanaenda kuwaona kuku, wanauliza banda litakaa wapi na nani analala karibu nalo. Maelezo yanaandikwa ukurasa mmoja kwa Kiswahili. Kama mwombaji hajui kuandika, anasema na katibu anaandika. Wanaomjua mtu hawahitaji kurasa 14.

Wanaomjua mtu pia ndio wanaompendelea, na hapo ndipo penye hofu yangu kubwa. Mji mdogo una koo chache, na mwenye duka kubwa ana wadeni kwenye kila kamati. Nimeona kikundi ambacho mwenyekiti alikuwa mume, katibu mke, mhazini shemeji. Dawa ninayoiamini ni ya kizamani: hesabu isomwe hadharani siku ya mnada, ikitaja majina ya waliopewa na waliokosa pamoja na sababu, wajumbe wakae miaka mitatu wapishe wengine, ndugu wa mwombaji atoke nje kura ikipigwa. Watasema tunaaibishana. Kamati ya harusi hutuaibisha kila mwezi na bado tunachangia.

Wengine huniuliza kwa nini tusitegemee mifuko iliyopo. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile ya 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ni jambo jema, lakini ni mkopo wa vikundi vya uzalishaji. Huwezi kukopa mlango wa choo cha shule. Tena ilisimamishwa 2023 ili utaratibu urekebishwe, na waliokuwa wakisubiri wakasubiri. Mfuko wa jimbo upo kwa sheria ya 2009, na mwenyekiti wa kamati yake ni mbunge. Hiyo nayo ina raha zake na karaha zake, hasa kila mwaka wa tano.

Kuhusu michango ya lazima, sina hamu nayo. Mwaka 2018 Rais Magufuli alipopiga marufuku michango shuleni, wapo walioona kimevunjwa kitu. Mimi nilikumbuka watoto waliorudishwa nyumbani kwa sababu ya debe la mahindi. Anayetoa kwa kuogopa mgambo hajatoa.

Kitu kimoja kutoka ng'ambo kimenikaa zaidi ya vyote. Kule Nebraska, jimbo la wakulima, kuna taasisi ya namna hii tangu 1993 inayohudumia miji midogo. Waliona wakulima wazee wanakufa, mashamba yanarithiwa na watoto waishio miji mikubwa, yanauzwa, na fedha haionekani tena kijijini. Wakaanza kuwaambia wazee: achia mji wako asilimia 5 tu, zinazobaki ni za watoto. Nikafikiria Dodoma tangu serikali ilipoanza kuhamia kwa kasi 2016. Mashamba mangapi ya pembezoni mwa jiji yamegeuka viwanja? Fedha ile imekuwa bodaboda, imekuwa bati la nyumba, imekuwa karamu. Sisemi wauzaji walikosea. Nasema hakuna aliyewaambia habari ya asilimia 5, na hapakuwa na mahali pa kuiweka.

Sisi tumeanza, kwa unyonge. Tuko watu 15, tunakutana Jumapili jioni, tuna akaunti yenye watia saini watatu wasio ndugu, na wakati wa mavuno wanaotaka hutoa mtama badala ya fedha, tunauza bei ikipanda. Kundi letu bado ni ndama.

Mwezi uliopita tukapata mtihani. Kijana mmoja anayesemekana ana nia ya kugombea alitutumia shilingi milioni 2 kwa simu, akaomba tu kibandikwe kibango chenye picha yake pale kwenye boma. Mabishano yalichukua saa tatu. Mjomba akasema fedha haina harufu, tuchukue. Mama mmoja wa kwaya akasema ng'ombe akiingia zizini na alama ya mtu, siku moja mwenye alama atamfuata. Tulipiga kura, tisa kwa sita, fedha irudi. Mhazini aliirudisha palepale. Makato ya kutuma, kwa kuwa katiba yetu haikuyataja, aliyalipa mjomba, akilalamika mpaka nyumbani.