Picha Nayo Husomwa

Mtu akizungumzia elimu ya afya kwa vijana wasiojua kusoma vizuri, jibu la kwanza huwa lilelile: punguza maandishi, weka picha na sauti. Hoja hiyo ina uzito. Ugonjwa haumsubiri mtu ahitimu darasa la kisomo, na mvulana anayekojoa usaha anahitaji maelezo leo.

Lakini picha nayo husomwa. Thalidomidi ni dawa iliyolemaza maelfu ya watoto wakiwa tumboni, mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960. Iliporudi sokoni kwa magonjwa mengine, iliwekewa alama ya mjamzito aliyekatwa kwa mstari, yaani usiitumie ukiwa na mimba. Kuna wanawake walioitazama wakadhani ni dawa ya kuzuia mimba. Siwalaumu. Maana ya ule mstari hakuna aliyezaliwa akiijua.

Maneno nayo yana mtego wake. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2006 ulihusisha wagonjwa 395. Kati ya wale wenye uwezo mdogo wa kusoma, asilimia 71 walilieleza sawasawa agizo la kumeza vidonge viwili mara mbili kwa siku. Walipotakiwa kuonyesha vidonge vya siku nzima, waliopata ni asilimia 35 tu. Kwa hiyo swali la "Umeelewa?" halipimi kitu, hasa kwa kijana mwenye haya, ambaye ataitikia "ndiyo" ili aondoke. Afadhali aambiwe: "Hebu nihesabie utakavyomeza kesho." Kwangu hilo linashinda mabango kumi, ingawa linakula dakika ambazo mhudumu mwenye foleni ndefu hana.

Wanaosisitiza kisomo kwanza niliwahi kuwaona wakaidi. Kilichonibadilisha ni suala la siri. Kijana aliyepewa dawa ya ugonjwa wa zinaa na karatasi ya maelezo, atampa nani amsomee? Dada yake? Jirani? Wengine huona heri kuitupa. Sauti ya kwenye simu humfaa mwenye simu yake mwenyewe. Simu ya kuazima au ya familia nzima inaweza kumuumbua. Anayejua kusoma hujifungia na karatasi yake, basi.

Hata hivyo, sikubali kwamba mazungumzo yangoje kisomo. Yaanze mazungumzo, kisha bahasha ileile ya dawa igeuzwe somo. Kijana akishapanga vidonge vyake vinne mezani, aonyeshwe palipoandikwa "2 x 2", yaani viwili mara mbili kwa siku, na aulizwe anaona nini. Tusimshangae akisema ile x ni alama ya kukosa: kama aliwahi kukaa darasani, huenda ndivyo daftari lake lilivyomfundisha.