Bamba la granaiti nyumbani: daraja B linatosha

Mtu akianza kujikusanyia vifaa vya kupimia, hachelewi kulitamani bamba la granaiti, jiwe lenye uso bapa kabisa unaotumika kama msingi wa kupimia, na jicho lake huenda moja kwa moja kwenye daraja AA, lile la usahihi wa juu. Kwa karakana ya nyumbani naona huko ni kutupa pesa. Katika viwango vya Marekani madaraja ni AA, A na B, na mkengeuko wa uso kutoka ubapa kamili unaoruhusiwa kwa B ni mara nne ya AA. Ni mwingi kwa kuusikia tu. Kwenye bamba la sentimita 30 kwa 45, bado ni sehemu ndogo ya unene wa unywele.

Isitoshe, AA hupimwa kwenye chumba kilichotulia nyuzi 20. Wewe una dirisha. Jua likilipiga bamba, uso wa juu hutanuka kuliko wa chini, katikati pakabenuka, na ule usahihi uliolipia ukaondoka nao.

Pesa hiyo afadhali iende kwenye stendi. Bamba likae juu ya vituo vitatu, si vinne: vitatu hukaa sawa hata kwenye sakafu mbovu, ilhali cha nne kikizidi kidogo tu kinalipinda jiwe. Na pima nguvu zako pia. Lenye sentimita 30 kwa 45 na unene wa 7.5 lina kama kilo 28. La 45 kwa 60, unene 10, linakaribia 75.

La mtumba silikatai. Pembe iliyomeguka isikutishe: bamba la chuma likigongwa hututumka kinundu kinachoinua kila unachokiweka, lakini granaiti huacha kishimo tu. Cha kuogopa ni palipolika. Funga saa ya kupimia (kipimo chenye sindano inayoonyesha tofauti ndogo za kimo) kwenye stendi yenye mkono mrefu, iburute taratibu bamba zima. Sindano ikiruka mahali pamoja, umepaona.

Kulitunza si kazi kubwa. Mashine ya kunoa ikae mbali, maana vumbi lake husaga jiwe. Nyundo na vikombe vya chai vina meza yao (ndiyo, nakuona). Ukilifuta kwa kitambaa chenye maji, subiri likauke na lirudie joto la chumba ndipo upime. Ukimaliza, lifunike kwa kifuniko cha mbao. Na hamahama unapopima, maana kona unayoizoea ndiyo itakayolika kwanza.