Neno "Tuwaue" na Haki ya Kusikilizwa

Februari mwaka jana, zabibu zikiwa karibu kuvunwa hapa Hombolo, Dodoma, nilipiga picha ya kichala kilichofunikwa na vidung'ata, wadudu waharibifu weupe kama unga wa muhogo, nikaiweka katika kundi letu la wakulima mtandaoni na kuandika chini yake: "Hawa tusipowaua mapema watatumaliza." Sikuwa nimetoka shambani pale chapisho lilipoondolewa kwa maelezo kwamba linachochea vurugu, nami nikazuiwa kuandika kwa siku saba. Niliomba uamuzi uangaliwe upya, na baada ya dakika chache nikajibiwa kwamba haujabadilika.

Anayezungumza Kiswahili anaona mara moja kilichotokea. Katika lugha yetu mdudu na mtu hubeba viambishi vilevile, kwa hiyo "tuwaue" yaweza kuwa kauli ya mkulima mwenye bomba la dawa mgongoni au ya mtu anayekusanya genge, na kinachotofautisha ni picha, mahali na wanaozungumza. Mkulima yeyote wa Dodoma angeitazama ile picha na kuuliza nimetumia dawa gani.

Miezi michache baadaye niliona chapisho lenye picha ya nyumba ya bibi mmoja mzee wa kijiji cha jirani, likidai kwa mafumbo kwamba ndiye anayezuia mvua, na mtu akawa ameandika kwamba wakati umefika wa "kumsindikiza". Katika nchi ambayo vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, hakuna mwenyeji anayehitaji kufafanuliwa neno hilo. Niliripoti, nikaambiwa halijavunja taratibu zozote. Lilikaa wiki tatu, mpaka mwenyekiti wa kijiji alipokwenda mwenyewe kuzungumza na kijana aliyeliandika.

Kwa sababu ya mambo hayo mawili, siungi mkono wanaosema kila kitu kiachwe, na siungi mkono wanaoshangilia kila kinachofutwa. Meta, kampuni inayomiliki Facebook, ilipotangaza Januari 2025 kwamba inaachana na wahakiki huru wa ukweli nchini Marekani, mabishano yaliyofuata yalihusu kiasi gani cha maneno kifutwe. Sisi tuna swali linalotangulia hilo: anayefuta ameelewa kilichoandikwa? Kazi ya kupitia maudhui ya Facebook kwa lugha kadhaa za Afrika ilifanywa kwa miaka kadhaa Nairobi, na vijana walioifanya wakaenda mahakamani, kuanzia 2022, wakilalamikia ujira mdogo na madhara ya kutazama ukatili siku nzima. Naamini mtu anayelipwa vizuri, anayepewa muda na anayejua maana ya kusindikiza angemlinda yule bibi vizuri zaidi kuliko mashine yoyote.

Umoja wa Ulaya umekwenda mbele kidogo. Sheria yake ya huduma za kidijitali, iliyoanza kutumika kikamilifu Februari 2024, inazitaka kampuni zimweleze mtumiaji sababu mahususi ya kuondoa alichoandika na kumpa njia ya kulalamika. Sioni kwa nini mkulima wa zabibu wa Ufaransa astahili maelezo hayo na wa Hombolo asistahili.

Kipimo hichohicho nakiweka kwa serikali. Ibara ya 18 ya Katiba yetu inampa kila mtu uhuru wa kueleza fikra zake, na Ibara ya 13(6)(a) inasema haki ya mtu inapoamuliwa apewe fursa ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufani. Mtandao wa X ulipofungwa nchini Mei 2025, wote tuliokuwa tukiutumia, wenye makosa na wasio na makosa, tulifungiwa kwa pamoja bila kuulizwa neno. Kama kuna chapisho chafu, litajwe, mwenyewe aitwe, ajibu, na asiyeridhika aende mahakamani. Njia hiyo ni ya polepole, nami naikubali hivyohivyo.

Katika kundi letu hakuna tena anayeandika neno kuua. Wiki iliyopita kijana mmoja aliuliza dawa ya "kuwaondoa wageni" kwenye mizabibu yake, na mzee mmoja mwenye uzoefu wa miaka mingi akakaa kimya kwa sababu hakujua anaulizwa nini. Nilimpigia simu, nikamwambia, "Mzee, kijana anauliza vidung'ata." Akanitajia dawa na kipimo chake, nami nikampelekea kijana yule kwa ujumbe wa kawaida wa simu.