Kansas na Missouri Hawakupaswa Kuachana

Februari 25, 2012, timu ya kikapu ya Chuo Kikuu cha Missouri, Marekani, waliingia Allen Fieldhouse, ukumbi wa Chuo Kikuu cha Kansas mjini Lawrence, na hadi kipindi cha pili walikuwa wanaongoza kwa pointi 19. Kansas wakarudi kidogokidogo, wakasawazisha, mchezo ukaenda muda wa nyongeza, wenyeji wakashinda 87-86. Wiki tatu kabla yake Missouri nao walikuwa wameshinda kwao Columbia, 74-71. Baada ya hapo watani hawa wa jadi, waliokuwa wakipambana tangu 1907, hawakucheza tena mchezo rasmi wa kikapu hadi Desemba 2021.

Sababu ni kwamba Missouri walihama Big 12, ligi ya vyuo waliyokuwa pamoja na Kansas, wakaenda ligi nyingine, SEC. Uhamaji wa namna hii hauamuliwi na kikapu. Unaamuliwa na futiboli ya Kimarekani, kwa sababu huko ndiko ziliko fedha kubwa za televisheni, na timu ya kikapu ya chuo hufuata tu inakopelekwa. Mwaka 2024 hali ilizidi: Pac-12, ligi ya vyuo vya magharibi, ilisambaratika, UCLA wa Los Angeles wakaingia ligi ya Big Ten, Arizona wakaenda Big 12. Leo UCLA wana wenzao wa ligi huko New Jersey, karibu kilomita 4,000 kutoka Los Angeles, ilhali Arizona, jirani waliyegombea naye ubingwa wa magharibi kwa miongo, hawako naye tena kwenye ligi moja.

Siwalaumu viongozi wa vyuo kwa kutafuta fedha. Ninachowalaumu ni kukubali kwamba ligi ikivunjika, na utani ufe. Hakuna kanuni inayowakataza Kansas kucheza na Missouri nje ya ligi. Kila timu huwa na nafasi kadhaa kabla ya Januari za kumwalika inayemtaka, na nyingi hujazwa na vyuo vidogo vinavyokuja kufungwa pointi 30. Kansas walikataa kupanga mchezo kwa sababu waliona Missouri wamewasaliti. Naielewa hasira hiyo, lakini walioadhibiwa ni mashabiki, hasa wa Kansas City, mji ambako mtu wa Kansas na mtu wa Missouri wanakaa ofisi moja, na mara nyingine nyumba moja. Oktoba 2017 timu hizi zilipocheza mchezo wa hisani huko kwa ajili ya waathirika wa vimbunga, ukumbi ulijaa. Watu walikuwa wanangoja.

Na utani huu haukuzaliwa uwanjani. Tangu miaka ya 1850 watu wa pande hizo mbili waliuana kwa sababu ya utumwa: je, Kansas iwe jimbo huru au la utumwa? Agosti 1863 wapiganaji wa William Quantrill, waliounga mkono upande wa utumwa, waliivamia Lawrence na kuua takriban wanaume na wavulana 150. Kwamba wajukuu wa historia hiyo walifika mahali pa kuzomeana ukumbini kisha kila mtu akaenda kwake salama, kwangu hilo ni jambo kubwa sana. Halafu mtu analifuta kwa sababu ya ratiba! Joel Embiid, kijana wa Cameroon, aliichezea Kansas msimu wa 2013-14 na hakuwahi kuuonja utani huu hata mara moja.

Philadelphia walishaonyesha njia. Tangu 1955 vyuo vitano vya mji huo, Penn, Temple, Villanova, La Salle na Saint Joseph's, vina mashindano yao, Big 5, na havikuhitaji kuwa ligi moja ili kuchukiana. Mwaka 2023 wakamwongeza Drexel. Syracuse nao waliondoka ligi ya Big East mwaka 2013, lakini baadaye waliendelea kukutana na watani wao Georgetown, timu ambayo wengi wetu Afrika tuliifahamu kupitia Dikembe Mutombo wa Kinshasa.

Ila wasitudanganye na viwanja vya kati, visivyo vya timu yoyote kati ya hizo mbili. Desemba 2024 UCLA waliwafunga Arizona 57-54 huko Phoenix. Mchezo mkali, nakubali, lakini haukuwa Tucson, kwao Arizona, wala Pauley Pavilion, ukumbi wa UCLA. Simba na Yanga wanaweza kugawana uwanja kwa sababu Dar es Salaam ni yao wote. Utani wa vyuo unaishi kwenye kumbi zenyewe, wanafunzi wakiwa wamepanga foleni tangu asubuhi, mgeni akishindwa kusikia hata kocha wake.

Kansas na Missouri wamesharudi: Kansas walishinda 102-65 ile Desemba 2021, na Desemba 2024 Missouri wakalipa kwao Columbia, 76-67. Sasa waandike mkataba wa miaka 20, mwaka huu Lawrence, mwaka ujao Columbia, wenye faini nzito kwa atakayejitoa, na uwabane hata kocha au rais wa chuo ambaye bado hajaajiriwa.