Baba, unakimbizwa na nani?

Likizo iliyopita nikiwa Babati niliamka alfajiri, nikavaa raba, nikashika barabara ya Singida. Sijafika mbali, mama mmoja anayefagia uwanja akasimamisha ufagio. Shikamoo mama. "Marahaba. Baba, unakimbizwa na nani?" Nikasema nafanya mazoezi tu. Akaziangalia mvi zangu, akasema: "Pole."

Huku Ontario, Kanada, mvi ndizo zinazokuingiza uwanjani. Riadha ya maveterani inaanzia miaka 35, halafu mnagawanywa kwa makundi ya miaka mitano mitano. Mimi wa 53 nashindana na wa 50 hadi 54. Ndiyo maana huku utamkuta mzee anasubiri kwa hamu kutimiza 70: siku hiyo anakuwa kijana wa kundi jipya! Hata tufe linapunguzwa. Mwanaume wa 50 anarusha la kilo 6, wa 80 la kilo 3.

Wa kusimuliwa sana huku ni marehemu Ed Whitlock wa Milton. Mazoezi yake alifanyia makaburini, akizunguka mle ndani kwa saa nyingi. (Kwetu angeitiwa mganga siku ya pili.) Mwaka 2003, akiwa na miaka 72, alimaliza marathoni kwa saa 2, dakika 59 na sekunde 10. Kabla yake hakuna aliyevuka 70 akaimaliza chini ya saa tatu. Naye Olga Kotelko wa Vancouver alianza riadha akiwa na miaka 77, na alipofariki mwaka 2014 akiwa na 95 aliacha rekodi za dunia chungu nzima.

Lakini msidhani ni sherehe. Kiingilio unajilipia, nauli unajilipia, na jukwaani wamekaa wake, waume na chupa ya chai. Mbio zikiisha kila mtu na gari lake. Niliwahi kupata shaba ya mita 800, tulikuwa watatu. Nikatuma picha kwenye grupu la ukoo, swali la kwanza likawa: "Wamekupa shilingi ngapi?"

Hapo, sisi wa nyumbani tunawashinda mbali. Jogging za Dar Jumapili asubuhi watu wanakimbia wakiimba, na bonanza la maveterani, pamoja na vitambi vyake, linaishia kwenye supu na kutaniana hadi jioni. Huku sijawahi kukimbia nikaimbiwa. Ila bonanza letu ni la wanaume na ni la mpira. Mama wa miaka 65 aliyepandisha vilima vya Mbulu na ndoo kichwani maisha yake yote, nani amewahi kumpimia hata mita 100?

Mimi tartani, ile njia ya mbio ya kisasa, siitaki. Nipeni uwanja uleule tuliokimbilia UMISSETA (michezo ya shule za sekondari), mistari ya chokaa, makundi ya umri na saa moja ya kupimia.

Nikirudi asubuhi ile nilimkuta yule mama bado yupo, nikamsimulia habari za Olga. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Na akienda huko kukimbia, wajukuu alimwachia nani?" Wajukuu wake watatu walikuwa wanamzunguka na bado hawajanywa uji. Kwa hiyo, siku ya mbio za wazee nikiiandaa nyumbani, kabla ya saa ya kupimia itabidi nitafute mtu wa kushika watoto.