Siku Mama Mkwe Alipochungwa

Kosa la kwanza lilikuwa sabuni.

Mbwa wangu ni Briard, ukoo wa wachunga kondoo wa Ufaransa. Dume hufika sentimita 62 hadi 68 begani, na manyoya yake marefu, makavu kama ya mbuzi, humfunika hadi macho. Yanataka kuchanwa mara kwa mara mpaka kwenye ngozi. Mimi wiki mbili nzima nilikuwa nachana juu juu, kama mtu anayefagia ukumbini na kuruka uvunguni.

Siku hiyo mama mkwe alikuwa anakuja na dada zake wawili, nikaona nimwogeshe mbwa anukie. Wajuao huchana kwanza ndipo wakaogesha, maana fundo likilowa hukaza. Mimi nikamwaga maji. Niliposhika kitana hakikupita: mbwa alikuwa amegeuka mkeka. Meno manne ya kitana yakavunjika, mbwa akanitazama (nadhani, macho yake huwa nayakisia tu), akachomoka na povu lake. Nikamrushia taulo, likanasa kwenye vidole vyake vya ziada. Briard ana viwili kila mguu wa nyuma, na kwa kuwa kucha zake hazigusi chini, usipozikata huwa ndoano. Za wangu zilikuwa ndoano. Akaingia sebuleni akiburuta taulo kama bibi harusi.

Wageni walikuwa wameshaketi: mmoja dirishani, mmoja mlangoni, mama mkwe katikati. Sisi tungesema watu wamepumzika. Mbwa aliona kundi limetawanyika.

Hakubweka, hakuuma. Alizunguka tu, akisukuma kwa bega, na aliyechelewa kuinuka akidokolewa kwa pua. Punde wote watatu wako konani kando ya kabati, wamelowa magoti. Mama mkwe alijaribu kutoka mara mbili. Mara mbili akarudishwa, kwa adabu zote.

"Baba," aliniita bila kupandisha sauti, "mwambie sisi si mifugo."

Nikamfokea mbwa. Kosa la pili. Briard hafundishwi kwa ukali. Anataka upole na mafunzo tangu utotoni, na hayo mafunzo nilikuwa nayaahirisha tangu aje. Alinigeukia, akatulia kidogo, kama anayehesabu. Kundi lilikuwa limepungua mmoja.

Basi nikaenda. Mbwa mkubwa kiasi kile akikusukuma nyuma ya magoti, huna hoja. Nikajikuta bega kwa bega na mama mkwe, mtu ambaye hadi hapo tulikuwa tukisalimiana kwa mbali. Tulitazama dari. Kuvunja ukimya, nikamweleza kwamba Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, alinunua mbwa mchunga kondoo huko Ufaransa mwaka 1789.

"Hongera zake," akasema.

Mbwa akajilaza mbele yetu juu ya taulo lake, roho kwatu.

Mke wangu aliporudi alisimama mlangoni, akashika kiuno. "Jamani, mnafanya nini hapo ko..."

Hakumaliza. Mbwa alikuwa ameshainuka.